Kasha Lenye Funguo Tatu

Tarehe 25 Februari 1545, wanaume wanane walikwenda kwa karani wa mikataba mjini Padua, kaskazini mwa Italia, wakaandikishana. Kiongozi wao aliitwa Maffeo, na watu walimjua kwa jina la utani la Zanini. Walikubaliana kuzunguka mji kwa mji wakiigiza vichekesho, tangu Pasaka ya mwaka ule hadi kanivali ya mwaka unaofuata. Wangenunua farasi mmoja kwa fedha za wote, awabebee mizigo. Mmoja wao akiugua, angetunzwa kwa fedha za kikundi. Kucheza karata kwa pesa kulipigwa marufuku. Aliyetaka kucheza acheze kwa chakula. Na mapato yote yangetiwa ndani ya kasha lenye funguo tatu, kila ufunguo na mtu wake, ili lisifunguliwe na mtu mmoja gizani.

Wanahistoria wa maigizo huitaja hati hii kila wanapoeleza mwanzo wa vikundi vya waigizaji wa kulipwa barani Ulaya. Mimi hunichekesha kwa jambo moja: sanaa haizungumziwi sana humo. Karibu mkataba wote unahusu pesa, maradhi, farasi na jinsi ya kuzuia ugomvi. Wale wanane walijua kwamba kuwachekesha watu ni kazi ndogo ukilinganisha na kuishi pamoja safarini bila kuibiana.

Miaka 405 baadaye likatengenezwa kasha jingine, safari hii mjini Roma. Mwaka 1950 Alberto Lattuada na Federico Fellini waliunda kampuni ndogo iitwayo Capitolium, wakatia humo fedha zao wenyewe, wakawaweka wake zao mbele ya kamera, na kutengeneza filamu ya vichekesho kuhusu kikundi cha waigizaji wasiokuwa na senti. Waliiita Luci del varietà, yaani Taa za Varieta. Filamu ilipomaliza mzunguko wake kwenye majumba ya sinema, kasha lilikuwa tupu, na wao wenyewe walikuwa wamegeuka watu walewale waliokuwa wakiwacheka.

Varieta ni mchanganyiko, basi. Usiku mmoja, jukwaa moja: anapita mwimbaji, anamfuata mchekeshaji, kisha mtu wa mazingaombwe, wanasarakasi, wasichana wanaorusha miguu kwa mstari. Waitalia waliipokea burudani hii kutoka Ufaransa, na mwaka 1890 mjini Napoli ukafunguliwa ukumbi wa Salone Margherita, chini ya paa la vioo la Galleria Umberto, ambako mabwana wa mji walikwenda kutazama na kutazamwa. Nyota mmoja wa enzi hizo, Leopoldo Fregoli, alikuwa kinyonga wa jukwaani: aliingia nyuma ya pazia akiwa mwanamume mwenye ndevu, akatokea upande wa pili akiwa bibi mwenye mwavuli, na sauti imebadilika. Fregoli alianza kujipatia jina akiwa askari katika jeshi la Italia huko Massawa, pwani ya Eritrea, akiwaburudisha wenzake mwishoni mwa miaka ya 1880. Kwa hiyo kabla ya Ulaya kumpigia makofi, walimpigia askari wenye homa na jasho kando ya Bahari ya Shamu, waliotumwa kuteka nchi ya watu.

Kisha ikaja sinema yenye sauti, na mchanganyiko ule ukakosa pa kukaa. Kumbi ziligeuzwa majumba ya sinema. Wenye majumba, hata hivyo, waliona faida katika kuongeza onyesho fupi la jukwaani kati ya filamu moja na nyingine, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930 likapata jina lake: avanspettacolo, onyesho la kabla ya onyesho. Lilikuwa la saa moja hivi, na lilirudiwa tena na tena kwa siku. Hadhira ilikuwa imekuja kuangalia filamu. Mwigizaji alikuwa kama muuza karanga mlangoni pa harusi ya wenyewe. Akiwapendeza watu wanamvumilia, asipowapendeza wanapiga miluzi, na mengine hurushwa kutoka viti vya nyuma.

Lakini chuo hicho kilikuwa kikali, na kilitoa wahitimu. Mchekeshaji Totò alipita humo. Mwenzake Aldo Fabrizi alipita humo. Ndugu watatu wa Napoli, Eduardo, Titina na Peppino De Filippo, waliigiza michezo mifupi kwa namna hiyohiyo katika ukumbi wa Kursaal wa mji wao, na siku ya Krismasi ya 1931 waliigiza hapo kwa mara ya kwanza Natale in casa Cupiello, mchezo ambao leo hakuna Mtaliano asiyeujua. Mdogo wao, Peppino, tutakutana naye tena.

Fellini alifika Roma mwaka 1939, kijana wa miaka 19 kutoka Rimini, mji wa pwani ya Adriatiki. Alipata kazi katika gazeti la vichekesho la Marc'Aurelio, akichora katuni na kuandika mizaha, na kwa njia hiyo akaanza kuwahoji wasanii wa varieta. Akawa rafiki wa Fabrizi. Fabrizi alikuwa mnene, mwenye njaa ya kudumu na hadithi zisizokwisha: hoteli zenye kunguni, mameneja wanaotoroka na mapato, waimbaji wanaolala wakiwa wamevaa nguo za jukwaani kwa sababu hawana nyingine. Kijana alisikiliza, na alichosikia hakikumtoka.

Baadaye, alipokuwa mtu mashuhuri, Fellini alisimulia kwamba yeye mwenyewe alizunguka Italia na kikundi kimoja cha namna hiyo, akiwa katibu, mshairi na mchora mandhari. Waliochunguza maisha yake wameitilia shaka safari hiyo. Fellini alikuwa mwongo mwenye kipaji, na hakuona haya kusema hivyo. Pengine alikwenda, pengine alisimuliwa na Fabrizi akaishi humo kwa masikio. Ukiitazama filamu, swali hilo halisumbui. Anayezijua njaa za behewa la daraja la tatu kiasi kile, hata kama alizisikia tu, amezisikia vizuri.

Lattuada alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Alizaliwa mwaka 1914, akasomea usanifu wa majengo Milano, akachapisha kitabu cha picha alizozipiga mitaani, Occhio quadrato, mwaka 1941. Yeye na rafiki yake Luigi Comencini walikuwa miongoni mwa vijana waliokusanya filamu za zamani zisiharibiwe, na mkusanyo huo ukawa chanzo cha hazina ya filamu ya Milano. Baba yake, Felice, alikuwa mtunzi wa opera, na kazi yake iliwahi kuonyeshwa katika ukumbi wa opera wa La Scala. Kufikia 1950 Lattuada alikuwa mwongozaji mwenye jina: Il bandito mwaka 1946, Senza pietà mwaka 1948, Il mulino del Po mwaka 1949. Fellini alikuwa mwandishi wake, mmoja wa waandishi kadhaa. Hakuwa ameongoza filamu hata moja.

Haya yakumbukwe, maana historia iliyoandikwa baadaye imeyapindua.

Wazo la kufanya filamu kuhusu varieta lilikuwa la Fellini. Hadithi wakaiandika pamoja na Tullio Pinelli na Ennio Flaiano. Huyu Flaiano anastahili mstari wake. Alikuwa afisa katika vita vya Mussolini dhidi ya Ethiopia mwaka 1935 na 1936, na riwaya yake Tempo di uccidere, kuhusu luteni wa Kiitalia anayemuua mwanamke wa Kiethiopia kisha akawa anazikimbia dhamiri yake na homa yake, ndiyo iliyopata tuzo ya kwanza ya fasihi ya Strega mwaka 1947. Mtu aliyeandika kitabu kile chenye giza ndiye aliyeketi na wenzake kutunga vichekesho hivi. Nadhani ndiyo sababu vichekesho hivi havina sukari.

Lattuada akafanya jambo ambalo mwongozaji mwenye jina halazimiki kulifanya: akamwambia mwandishi wake waongoze pamoja, majina mawili yakae kwenye bango. Na kwa kuwa hawakuwa na tajiri wa kuwabeba, wakageukia nyumbani. Mke wa Lattuada, Carla Del Poggio, akapewa nafasi ya msichana Liliana. Mke wa Fellini, Giulietta Masina, akapewa nafasi ya Melina. Felice, baba yake Lattuada, akatunga muziki. Bianca, dada yake Lattuada, akashika usimamizi wa utayarishaji, na mwenzi wake Bianca, Aldo Buzzi, akabuni mandhari. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Hapa wa kwao walikuwa wameandikwa kwenye orodha ya wasanii tangu mwanzo. Mpigapicha alikuwa Otello Martelli, aliyekuwa ametoka kupiga filamu ya Riso amaro. Na kiongozi wa kikundi, Checco Dalmonte, akawa Peppino De Filippo, aliyekuwa amekwisha kutengana na kaka yake Eduardo mwaka 1944 kwa ugomvi uliowahuzunisha Wanapoli kama talaka ya wazazi.

Filamu inaanza ukumbini, katika mji mdogo. Jukwaani kikundi kinajitahidi. Bendi inakwaruza, wasichana wa safu hawarushi miguu kwa wakati mmoja. Kamera inageuka kuwaangalia watazamaji, na kati ya nyuso zile kuna ya msichana anayetazama jukwaa kama mtoto anavyotazama keki dirishani. Huyo ni Liliana. Kesho yake anapanda treni ileile ya wasanii, daraja la tatu, anamtafuta Checco na kumwonyesha picha zake. Checco, mtu wa makamo, nywele zimepakwa mafuta, sauti ya bwana mkubwa, anaziangalia picha, kisha anamwangalia mwenyewe, na mkono wake unaanza kusahau adabu. Hajui kwamba anayewindwa ni yeye.

Wanaposhuka stesheni hawana hata nauli ya kuwafikisha mjini. Wanaanza kutembea na masanduku vichwani. Liliana anaita gari la farasi, analipa yeye. Wote wanapanda. Ni tukio dogo, na ndani yake imo filamu nzima, kwa kuwa tangu hapo wanadaiwa shukrani na aliyewanunulia safari, na yeye anajua bei yake. Wale wanane wa Padua walinunua farasi wao pamoja, wakaiandika mbele ya karani. Hawa wamekodiwa farasi na mtu mmoja.

Jukwaani Liliana hajui kucheza. Vazi linamvuka katikati ya ngoma, na ukumbi mzima unalipuka kwa furaha. Watu wanamtaka tena. Waliokesha miaka ishirini wakijifunza kuimba, kughani na kubadilisha sura wanasimama nyuma ya pazia wakisikiliza makofi yanayopigiwa mshono uliofumuka. Lattuada na Fellini hawamlaumu msichana, wala hawalaumu hadhira. Wanatuonyesha nyuso za wale wa nyuma ya pazia, basi, na kati yao uso wa Melina, mchumba wa Checco, anayecheka pamoja na wengine kwa sekunde moja zaidi ya inavyostahili.

Sehemu ninayoirudia kila nikiitazama filamu hii ni ile ya karamu. Mwanasheria mmoja tajiri, aliyemwona Liliana, anakialika kikundi kizima kwake shamba kwa chakula cha usiku. Hakuna gari, wanakwenda kwa miguu gizani, mwendo mrefu, wakiwa na viatu vya jukwaani. Njaa inawafanya wachangamke. Wanafika, wanakula kama watu wasiojua watakula lini tena, wanaimba, wanalewa. Mwenyeji anasubiri walale ili amfuate aliyemwalika hasa. Checco, kwa wivu anaouita heshima, anaharibu mpango, na mwenyeji anawafukuza wote usiku uleule. Wanarudi njia ileile alfajiri. Jua linachomoza juu ya watu waliovaa nguo za kumetameta, zenye vumbi, wakitembea kwa safu mashambani, matumbo yakiwa yamejaa kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Hakuna anayezungumza. Martelli anaipiga picha hiyo kwa mbali, bila haraka, na anayemjua Fellini wa baadaye anawaona pale watu wake wote kwa mara ya kwanza: wale wanaotembea kuelekea popote baada ya sherehe kuisha.

Roma inawatawanya. Checco anakiacha kikundi, anaondoka na Liliana, anataka kuunda kampuni yake mwenyewe ambayo yeye atakuwa bwana na Liliana atakuwa nyota. Hana pesa wala pa kulala. Usiku mmoja akizurura barabarani anasikia tarumbeta. Anayepiga ni Mmarekani mweusi aitwaye Johnny, naye hana kwao usiku ule. Wanakutana na mwanamke anayeimba, na wengine wa namna yao, na kufikia asubuhi Checco ameshapata kampuni kichwani mwake.

Johnny anachezwa na John Kitzmiller, na hapa niseme jambo. Kitzmiller alizaliwa Michigan, akafika Italia na jeshi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, akaokotwa na sinema bila kuitafuta, na akabaki. Alikuwa ameshaigiza na Carla Del Poggio katika Senza pietà. Filamu za Italia za miaka ile zilimtumia mara nyingi kwa ajili ya rangi yake, askari mweusi wa kuonyesha vita vimepita hapa. Ndani ya Luci del varietà anapewa dakika chache tu, lakini katika dakika hizo ndiye msanii pekee asiyejidai. Anapiga tarumbeta kwa sababu anaipenda. Checco, anayeishi kwa majigambo, anabaki mdomo wazi.

Kampuni mpya inahitaji mtaji, na mtaji unatoka kwa Melina. Akiba yake yote, ya miaka ya kula nusu sahani, anampa mwanamume aliyemwacha kwa ajili ya mwingine. Masina anaifanya kazi hiyo bila kutuomba tumwonee huruma. Anatoa pesa kama mtu anayelipa nauli. Na Liliana? Kabla ya onyesho, ameshachukuliwa na meneja mkubwa aitwaye Conti. Anamwaga Checco kwa maneno machache, tena ya adabu.

Conti anampeleka kwenye rivista, na msomaji aelewe tofauti, kwa sababu Waitalia wa 1950 waliielewa bila kuambiwa. Rivista ilikuwa varieta iliyotajirika: vikundi vikubwa, manyoya, bendi kamili, ukumbi wa heshima. Malkia wake alikuwa Wanda Osiris, aliyeteremka ngazi ndefu kila usiku akiwa amezungukwa na vijana waliovaa vizuri, huku harufu ya marashi yake ikitangulia. Wasichana wengi wa Italia baada ya vita waliota kuteremka ngazi ile. Filamu inatuonyesha Liliana akiwa sehemu ya ulimwengu huo, na inatuonyesha pia kwamba bado hajui kucheza.

Mwisho ni stesheni. Treni mbili. Liliana, ndani ya koti la manyoya, anakwenda Milano kwa behewa la watu wenye nafasi. Checco na Melina na kikundi cha zamani wamo daraja la tatu. Wanaonana, wanaambiana mawili matatu dirishani, Checco anajidai mambo yake ni mazuri. Treni zinaondoka. Melina anatoka kidogo, na msichana anakuja kuketi mbele ya Checco. Checco ananyoosha tai, anaanza upya na maneno yaleyale.

Filamu hii ilitoka Desemba 1950. Haikuenda. Sababu moja ni kwamba mwaka huohuo ilikuwa imetangulia Vita da cani, Maisha ya Mbwa, ya Steno na Mario Monicelli: nayo ni filamu ya vichekesho kuhusu kikundi cha varieta, nayo ina kiongozi mnene mwenye moyo, na kiongozi huyo ni nani isipokuwa Aldo Fabrizi mwenyewe, mwenye hadithi. Ndani yake mlikuwa na Gina Lollobrigida, na kijana ambaye hakuwa anajulikana sana, Marcello Mastroianni. Hadhira ilikuwa imeshakunywa kwenye kisima hicho. Walipoletewa maji ya pili, yenye uchungu zaidi, hawakuwa na kiu.

Capitolium haikutengeneza mali. Madeni yalibaki kwa Lattuada na Fellini, na urafiki wao wa kazi ukaishia hapo. Hawakuongoza tena pamoja. Faida pekee iliyoonekana haraka ni ya Masina, aliyepewa tuzo ya Nastro d'argento ya mwigizaji bora msaidizi. Lattuada alisimama upesi: mwaka uliofuata Anna yake, yenye Silvana Mangano, ilijaza majumba ya sinema. Fellini alikwenda kuongoza Lo sceicco bianco peke yake mwaka 1952, nayo haikumtajirisha. Kisha zikaja I vitelloni na La strada, ambamo Masina tena yuko barabarani na wasanii wa vumbini, na dunia ikamjua Fellini.

Mwaka 1957 kwenye tamasha la filamu la Cannes kulitokea jambo ambalo sijaona likisemwa inavyostahili. Tuzo ya mwigizaji bora wa kike ilikwenda kwa Giulietta Masina, kwa Le notti di Cabiria. Tuzo ya mwigizaji bora wa kiume ilikwenda kwa John Kitzmiller, kwa filamu ya Yugoslavia, Dolina miru. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuipata. Mchumba anayetoa akiba yake na mpiga tarumbeta asiye na pa kulala, wote wawili kutoka filamu ile iliyofilisika, walitunukiwa jukwaa moja, mwaka mmoja. Liliana na ngazi zake hawakuwapo.

Ubishi juu ya nani hasa aliiongoza Luci del varietà haujawahi kwisha. Watu wa Fellini humwona kila mahali: treni, alfajiri, wanawake wanene, wanaume wanaojidanganya. Lattuada alisisitiza kwamba uongozaji, kwa maana ya kamera na mpangilio, ulikuwa wake, na kwa mtu aliyekuwa na filamu kadhaa mkononi akifanya kazi na mwanafunzi, madai hayo yana mantiki. Mimi naona wote wawili wanasema kweli. Dunia ile ni ya Fellini. Macho yanayoiangalia bila kuihurumia kupita kiasi ni ya Lattuada. Fellini akiwa peke yake angewapenda mno watu wale.

Fellini mwenyewe alitoa hesabu yake mwaka 1963, na akaiweka kwenye jina la filamu: 8½. Alikuwa amekwisha kutengeneza filamu ndefu sita zilizo zake pekee. Fupi mbili, zilizoingizwa ndani ya filamu za pamoja, akazihesabu nusu nusu. Na Luci del varietà, nusu. Jumla saba na nusu. Mpya ikawa ya nane na nusu. Kwa hiyo nusu iliyo maarufu kuliko zote katika historia ya sinema imetokana kwa sehemu na kikundi hiki cha wenye njaa. Tena ajabu nyingine: katika fupi moja kati ya zile mbili, Le tentazioni del dottor Antonio ya 1962, mhusika mkuu ni Peppino De Filippo. Mzee Checco amekaa ndani ya nusu mbili kati ya tatu.

Televisheni ya Italia ilianza matangazo yake Januari 1954, na katika miaka iliyofuata avanspettacolo ikazimika taratibu, ukumbi baada ya ukumbi. Fellini aliirudia katika filamu yake Roma ya 1972, kwenye ukumbi wa wakati wa vita wenye hadhira katili, na mwaka 1986 katika Ginger e Fred, ambamo wachezaji wawili wa zamani wa varieta, sasa wazee, wanaitwa na televisheni wakacheze mara moja ya mwisho kati ya matangazo ya biashara. Mwanamke ni Masina. Mwanamume ni Mastroianni, kijana yule wa Vita da cani. Ilichukua miaka 36 filamu zile mbili zilizoshindana kukutana kwenye jukwaa moja.

Nimejizuia kulisema hili mpaka sasa, lakini nalisema. Kuna mtu mwenye jina aliyempandisha kwenye jukwaa lake mgeni aliyekuja na ndoto zake, akamlipia kwa kasha lake, na mgeni akaondoka kwa treni ya daraja la kwanza. Mfano haukai sawasawa: Fellini alikuwa na kipaji alichokikosa Liliana, na Lattuada hakuwa Checco, aliendelea kufanya kazi njema, na filamu yake Mafioso ya 1962 inatosha kumweka mtu kwenye kumbukumbu. Hata hivyo nusu ilihesabiwa upande mmoja tu. Hakuna aliyewahi kumhesabia Lattuada nusu yake.

Lattuada alifariki Julai 2005, akiwa na miaka 90. Anayeitafuta Luci del varietà leo ataikuta kwenye rafu ya Fellini, na juu ya jalada jina kubwa litakuwa hilo. Akiipata, asiruke maandishi ya mwanzoni. Jina la Lattuada ndilo linalotangulia.